Santuri za Kuazimana: Njia ya Rege Kuingia Kitui na Makueni

Historia ya muziki wa kisasa katika Ukambani, yaani nchi ya Wakamba inayoanzia mashariki mwa Nairobi na kuteremka hadi nyika za Tsavo, imezoeleka kuandikwa kwa kuwafuata wapigaji wake: nani alitangulia kushika gitaa, bendi ipi ilitangulia kurekodi, wimbo upi ulivuma. Msikilizaji ameachwa nje ya hadithi hiyo, ingawa ndiye aliyeamua muziki upi ungekaa kijijini na upi ungepita tu. Kaunti za Kitui na Makueni zinafaa kuchunguzwa kwa upande wa msikilizaji, kwa kuwa kwa sehemu kubwa ya karne ya ishirini zilikuwa mbali na maduka ya muziki na mbali na nyaya za umeme, lakini hazikuwa mbali na watu waliokwenda mjini kutafuta kazi na kurudi. Rege, muziki uliozaliwa Jamaika mwishoni mwa miaka ya 1960, iliingia huko kwa mikono ya watu hao, ikiwa imechapwa kwenye santuri, yaani sahani nyeusi za kuchezwa kwa sindano, na kila santuri moja ikasikilizwa na watu wengi kuliko yule mmoja aliyeinunua. Hoja inayoshikiliwa hapa ni kwamba rege haikujitengenezea njia mpya: ilipita katika desturi ya kuazimana santuri iliyokuwa imekwisha kukomaa kabla yake, na bila desturi hiyo ingebaki muziki wa Nairobi na Mombasa.

Kwanza ni lazima kutofautisha maeneo haya mawili, kwa kuwa hayakusikia muziki kwa kasi moja. Kitui ilikuwa wilaya ya zamani ya kikoloni, pana, kame, na iliyokaa mbali na njia kuu. Makueni ilikuwa sehemu ya wilaya ya Machakos hadi ilipokatwa na kufanywa wilaya kamili mwaka 1992, na zote mbili zikawa kaunti zenye serikali zake mwaka 2013, baada ya katiba ya 2010. Reli iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 na kufika Nairobi mwaka 1899 ilipita katikati ya nchi ambayo leo ni Makueni, ikaacha vituo vya Mtito Andei, Kibwezi, Makindu, Emali na Sultan Hamud, ambacho jina lake linatokana na Sultani Hamoud wa Zanzibar. Baadaye barabara ya Mombasa ilifuata mkondo huo huo. Kwa hiyo mtu wa Makindu aliweza kupata kitu kutoka pwani au kutoka Nairobi kwa kumtuma mfanyakazi wa reli, dereva wa lori au utingo wake, ilhali mtu wa Mutomo au wa Mwingi, huko Kitui, alisubiri jirani apate likizo.

Kabla ya santuri, muziki wa Ukambani ulikuwa ngoma za hadhara zenye kazi maalumu. Kilumi, kwa mfano, ilikuwa ngoma ya pepo na ya kuomba mvua, iliyoongozwa mara nyingi na wanawake wa makamo na wazee kwa ngoma ndefu za kupigwa kwa viganja, na mbeni ilikuwa ya vijana, yenye filimbi na miruko ya sarakasi ambayo hata leo huwatambulisha wachezaji wa Kikamba mbele ya wageni. Wamisheni hawakuzipenda. Africa Inland Mission, iliyoweka kituo chake cha kwanza Nzaui, katika Makueni ya leo, mwaka 1895, iliwafundisha waumini wake kuachana na ngoma pamoja na pombe, na kanisa lililotokana nayo likaendelea na msimamo huo. Matokeo yake hayakuwa ukimya. Familia za wasomi wa misheni, ambazo hazikuruhusiwa kwenda uwanjani kucheza, ndizo zilizokuwa na fedha na mwelekeo wa kununua mashine ya muziki na kuiweka ndani ya nyumba, ambako mzee wa kanisa hakupita kila siku.

Mashine hiyo, ambayo Wakenya wengi waliiita kinanda, ilifika vijijini kupitia mishahara, na mshahara wa kwanza wa maana ulikuwa wa jeshi. Wakamba waliandikishwa kwa wingi katika King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Afrika Mashariki, na katika Vita Vikuu vya Pili wakapelekwa Ethiopia na Burma, ambako walikutana na magitaa, redio za kambini na gramafoni za kuzungushwa kwa mkono. Waliporudi walibeba baadhi ya vitu hivyo. Santuri za enzi hiyo zilikuwa nzito, zenye kuvunjika upesi, zikizunguka mara 78 kwa dakika na kubeba takriban dakika tatu za muziki kila upande, na nyingi zilitoka mbali: Siti binti Saad wa Zanzibar alikuwa amesafiri hadi Bombay mwaka 1928 kurekodi kwa ajili ya kampuni ya His Master's Voice, na santuri zake zikauzwa katika miji ya pwani na bara. Jinsi sahani hizo zilivyotangulia kufika hata mahali ambapo barabara haikufika inaonekana upande wa pili wa nchi, ambako mtafiti Hugh Tracey mwaka 1950 alirekodi miongoni mwa Wakipsigis wimbo uitwao Chemirocha, uliotokana na jina la Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Marekani aliyekuwa amefariki mwaka 1933 bila kukanyaga Afrika.

Miaka ya 1950 ndiyo iliyobadilisha hesabu, na sababu yake ilikuwa ya kisiasa kabla ya kuwa ya kimuziki. Katika Aprili 1954, wakati wa vita vya Mau Mau, serikali ya kikoloni iliendesha msako mkubwa uliopewa jina la Operation Anvil, ikawakamata maelfu ya Wakikuyu, Waembu na Wameru waliokuwa wakiishi Nairobi na kuwapeleka kizuizini. Nafasi zao za kazi hazikuachwa wazi. Zilijazwa kwa sehemu kubwa na watu wa makabila mengine, Wakamba wakiwa mstari wa mbele, hivi kwamba katika muda mfupi idadi ya wanaume wa Kitui na Machakos waliopokea mshahara Nairobi iliongezeka sana. Ni vigumu kufurahia ustawi uliopatikana kwa namna hiyo, lakini mwanahistoria hana budi kuutaja. Katika mwongo huo huo Nairobi ilikuwa inajenga biashara yake ya santuri, ikiwa na studio, maduka ya Wahindi waliofadhili rekodi, na kiwanda cha kuchapa santuri humo humo nchini, hivi kwamba mfanyakazi aliyekuwa na fedha mfukoni na siku chache za likizo alikuta dukani nyimbo za Kiswahili na za lugha yake kwa bei aliyoimudu.

Santuri ndogo, iliyozunguka mara 45 kwa dakika, ndiyo iliyofungua vijiji. Ilikuwa nyepesi, haikuvunjika ikiangushwa, na ilichezwa kwenye kinanda kidogo cha kubebeka chenye kutumia betri kavu, ambazo Wakenya wengi huziita mawe. Kiwanda cha Eveready kilipofunguliwa Nakuru mwaka 1967, mawe yakawa bidhaa ya kila duka la kijiji, yakipangwa rafuni pamoja na chumvi, kiberiti na mafuta ya taa. Hata hivyo mawe yalikuwa gharama isiyoisha, na gharama hiyo ndiyo iliyojenga taratibu za kusikiliza. Mwenye kinanda hakuwa lazima awe mwenye santuri, na mwenye santuri hakuwa lazima awe mwenye mawe, kwa hiyo muziki ulipatikana pale ambapo watu watatu walikubaliana. Kinanda kilitolewa siku ya mapumziko au siku ya arusi, santuri zikaletwa na marafiki kutoka nyumba mbalimbali, na wageni wakachangia mawe.

Ushahidi mzuri wa kuazimana huku umo kwenye santuri zenyewe. Mtu anayepekua marundo ya santuri kuukuu za Afrika Mashariki atakuta kwamba karatasi ya duara iliyobandikwa katikati, yenye jina la wimbo na la kampuni, mara nyingi imeandikwa pia kwa kalamu jina la mwenyewe, pengine na sanduku lake la posta au namba aliyojipangia katika mkusanyiko wake. Hakuna anayeandika jina lake juu ya kitu ambacho hakitoki nyumbani. Baadhi ya sahani zina majina mawili au matatu, moja likiwa limekatwa na jingine kuandikwa juu yake, jambo linaloonyesha kwamba azima nyingine iligeuka kuwa zawadi, mauziano au, tusifiche, wizi wa kirafiki. Kulikuwa pia na adabu ya kushika: sahani hushikwa pembeni, haiguswi uso, haiachwi juani, na sindano iliyokwisha haitumiwi, kwa sababu sindano moja mbovu ilitosha kuichimba sahani ambayo mwenyewe alikuwa ameilipia kwa jasho la siku kadhaa.

Muziki uliotawala mzunguko huo katika miaka ya 1970 ulikuwa benga ya Kikamba. Benga ni mtindo wa gitaa uliokuzwa kwanza na Waluo, wenye gitaa la kuongoza linalojibizana na sauti ya mwimbaji na besi inayoruka kwa nguvu, nao Wakamba waliuchukua wakaupa umbo lao kwa kuongeza gitaa la pili, la sauti ya juu, linalozungusha noti nyepesi bila kukoma hadi kila pengo linajazwa. Bendi tatu zilijitokeza kuliko nyingine: Kyanganga Boys ya Peter Mwambi, Kalambya Boys ya Onesmus Musyoki, na Les Kilimambogo Brothers ya Kakai Kilonzo, ambaye hadi kifo chake mwaka 1987 alikuwa amekwisha kuvuka mipaka ya lugha yake kwa kuimba pia kwa Kiswahili. Kundi la wanawake la Kalambya Sisters nalo lilivuma katika miaka ya 1980 kwa wimbo Katelina, kisa cha kuchekesha cha msichana wa kijijini anayependa uki, pombe ya kienyeji ya Wakamba. Santuri za benga zilikuwa na mpangilio wake: wimbo ulikuwa mrefu kuliko upande mmoja wa sahani, kwa hiyo ulikatwa katikati, sehemu ya kwanza upande huu na ya pili upande ule, na sehemu ya pili ndiyo iliyokuwa na mwendo mkali wa kuchezwa. Aliyeazima sahani ya benga aliazima dansi.

Rege ilipoanza kufika iliwakuta wasikilizaji waliozoea mpangilio huo, na ikawadai kitu kingine. Muziki huu ulitokana na ska na rocksteady, mitindo miwili ya Jamaika iliyotangulia katika miaka ya 1960, na jina lake lilianza kuonekana kwenye santuri mwaka 1968, kundi la Toots and the Maytals likiwa miongoni mwa waliolitangaza. Mdundo wake huweka uzito mahali ambapo sikio la mgeni halitarajii: gitaa hukatwa kwa ufupi kwenye mapigo dhaifu, ngoma kubwa mara nyingi huangukia pigo la tatu huku la kwanza likiachwa tupu, na besi hubeba wimbo badala ya kuusindikiza tu. Kwa mtu aliyelelewa na benga, ambayo haiachi nafasi hata moja wazi, uwazi huo ulikuwa mgeni. Jambo jingine lililokuwa jipya ni umbo la bidhaa. Ingawa huko Jamaika rege iliishi kwenye santuri ndogo, ambazo upande wake wa pili mara nyingi ulibeba mdundo ule ule ukiwa umeondolewa sauti za waimbaji, nje ya kisiwa hicho ilienea zaidi kwa santuri kubwa, inayozunguka mara 33 kwa dakika na kubeba nyimbo nane au kumi. Kampuni ya Island ya London ilitoa albamu za Bob Marley na kundi lake la Wailers moja baada ya nyingine: Catch a Fire na Burnin' mwaka 1973, Natty Dread mwaka 1974, Exodus mwaka 1977, Survival mwaka 1979, Uprising mwaka 1980.

Santuri kubwa ilikuwa ghali mara kadhaa kuliko ndogo, na hapa ndipo urafiki ulipokuwa sharti. Mfanyakazi wa kawaida aliweza kununua sahani ya benga kila alipopokea mshahara, lakini albamu nzima ilikuwa uamuzi wa kufikiriwa, na aliyeinunua alijua kwamba ameinunua kwa niaba ya wenzake. Tena albamu haikutosheka na kusikilizwa mara moja kwenye sherehe. Ilihitaji kukaa nayo, kuigeuza, kuisoma. Jalada lake lilikuwa na picha na maneno, na kwa wasikilizaji ambao Kiingereza chao kilikuwa cha darasani, wakati cha waimbaji kilikuwa kimechanganywa na lahaja ya Jamaika, kulisoma jalada lilikuwa ndilo tendo la kwanza la kuuelewa muziki. Jalada la Survival, lililojaa bendera za nchi za Afrika, lilimwambia msomaji wa Kitui jambo ambalo hakuna santuri ya Ulaya au Marekani iliyokuwa imemwambia: kwamba kuna watu ng'ambo wanaoiangalia nchi yake wakitafuta kitu ndani yake.

Walichokuwa wakikitafuta kilikuwa, kwa sehemu, Kenya yenyewe, na hapa habari inahitaji kuelezwa kwa uangalifu. Rege ilibeba imani ya Rastafari, iliyozuka Jamaika baada ya Ras Tafari Makonnen kutawazwa kuwa Haile Selassie, mfalme wa Ethiopia, tarehe 2 Novemba 1930, na ambayo wafuasi wake wanaiona Afrika kuwa ndiyo Sayuni na nchi za utumwa kuwa ndizo Babeli. Mwimbaji Winston Rodney, aliyeanza kurekodi mwaka 1969, alijipa jina la Burning Spear, yaani mkuki uwakao, kutokana na jina la sifa la Jomo Kenyatta. Inasemwa pia mara kwa mara kwamba nywele za misokoto za Marasta ziliigwa kutoka kwenye picha za wapiganaji wa Mau Mau zilizochapishwa katika magazeti ya miaka ya 1950. Dai hilo limependwa mno nchini Kenya, lakini wataalamu wa dini za Jamaika hawakubaliani juu yake, wengine wakionyesha kwamba asili ya misokoto inaweza kuelezwa bila kutoka nje ya kisiwa hicho, na ni busara kulichukua kama uwezekano tu. Lisilo na shaka ni kwamba msikilizaji wa Ukambani, nchi ya Paul Ngei wa Kangundo, mmoja wa wale watano waliohukumiwa pamoja na Kenyatta huko Kapenguria mwaka 1953, alikuta katika rege historia ya nyumbani ikiimbwa na watu wa mbali.

Zaidi ya siasa, kulikuwa na Biblia. Wanaoandika juu ya rege katika Afrika Mashariki wamezoea kueleza kuenea kwake kwa umaskini wa mijini na ghadhabu ya vijana, na maelezo hayo yanafaa kwa Nairobi. Kwa Kitui na Makueni hayatoshi. Mtoto aliyekulia katika shule ya Jumapili ya Nzaui au ya Mulango alikuwa amekwisha kuzijua Zaburi, mito ya Babeli, Kutoka kwa wana wa Israeli na simba wa Yuda, na alipokuta majina hayo kwenye santuri hakuhitaji mkalimani. Zaburi ya 137 ilirekodiwa kwa mdundo wa rege na kundi la Melodians mwaka 1970, kisha ikasambazwa dunia nzima na kundi la Boney M mwaka 1978, na katika nyumba ya Mkristo hata mzazi mkali alishindwa kuikataa moja kwa moja. Kanisa lililokuwa limeifukuza ngoma uwanjani lilikuwa, bila kukusudia, limeandaa masikio ya kuipokea rege. Njaa nayo ilisaidia maneno hayo kuingia. Ukame wa mwaka 1984 uliitwa na Wakamba Nikw'a Ngwete, jina linalomaanisha kufa mtu akiwa na fedha mkononi, kwa kuwa mishahara iliyotumwa kutoka mjini haikupata nafaka ya kununua. Na kwa watu waliopita katika hali hiyo, nyimbo za kudai haki na chakula hazikuwa hadithi za ng'ambo.

Redio haikukosa nafasi katika jambo hili, ila nafasi yake imetiwa chumvi. Sauti ya Kenya, idhaa ya taifa iliyokuja kuitwa KBC mwaka 1989, ilikuwa na matangazo ya Kiswahili, ya Kiingereza na ya lugha za mikoani, Kikamba kikiwamo, na muziki wa kigeni ulipigwa zaidi katika idhaa ya Kiingereza. Sera yake ilikuwa ya kuyumba. Mwaka 1980 ilitolewa amri kwamba sehemu kubwa ya muziki unaopigwa iwe ya Kenya, amri iliyofutwa baada ya muda mfupi kwa sababu ya malalamiko. Hata pale rege ilipopigwa, msikilizaji hakuwa na uwezo wa kuirudia, na wimbo uliopita hewani mara moja saa ya kula ulibaki uvumi mpaka mtu fulani aje na sahani. Redio ilizaa hamu, na santuri ya rafiki ndiyo iliyoikata.

Sahani zilikuja kwa njia mbili. Ya kwanza ni ya Nairobi, kutoka maduka ya River Road na Tom Mboya Street, kupitia stendi ya Machakos Country Bus, ambako mabasi ya Ukambani hujaza abiria hadi leo. Ya pili, ambayo haijapewa uzito wake, ni ya Mombasa. Wakamba walikuwa wengi huko, bandarini, kwenye reli, na katika biashara ya vinyago, ambayo wachongaji wake waliunda chama cha ushirika cha Akamba Handicraft mnamo 1963. Mombasa ilikuwa na hoteli za watalii, na watalii walitaka muziki wa visiwani, kwa hiyo rege ilipata wapigaji wake wa kwanza wa Kenya huko huko: Them Mushrooms, bendi ya ndugu wa ukoo wa Harrison kutoka Kaloleni iliyoundwa mwaka 1972, ilichanganya rege na chakacha miaka mingi kabla wimbo wake Jambo Bwana haujauza zaidi ya nakala 200,000. Mchonga vinyago aliyeshinda mbele ya hoteli akiuza twiga na vifaru alisikia muziki huo bila kiingilio, na aliporudi Kibwezi au Mtito Andei aliutafuta kwenye sahani. Hii ni sababu moja ya kudhani kwamba vituo vya reli vya Makueni viliijua rege mapema kuliko vijiji vya ndani vya Kitui.

Bob Marley alifariki tarehe 11 Mei 1981, na kifo chake kilifanya nchini Kenya kile kilichofanya dunia nzima: kilimfanya asikilizwe zaidi. Lakini katika miaka hiyo hiyo chombo chenyewe kilikuwa kinabadilika. Kaseti, iliyobuniwa na kampuni ya Philips mwaka 1963, ilikuwa sasa imeingia vijijini pamoja na redio zenye uwezo wa kurekodi, na azima ikabadilika maana. Kwanza rafiki aliazima sahani na kuirudisha. Sasa rafiki alikaa na sahani usiku mmoja, akatoka na nakala, na nakala hiyo ikazaa nakala. Shule za bweni ndizo zilizokuwa kiwanda kikuu cha kazi hiyo, kwa kuwa zilikusanya chini ya paa moja mtoto wa polisi wa Nairobi, mtoto wa karani wa bandari na mtoto wa mfugaji wa Mutomo, kila mmoja akija na alichopata likizoni. Kanda hizo zilichanganya bila adabu ya duka: Gregory Isaacs na Eric Donaldson wakafuatana na Kakai Kilonzo, na Burning Spear akafuatana na kwaya. Baadaye wakaja Waafrika wenyewe, Alpha Blondy wa Ivory Coast na Lucky Dube wa Afrika Kusini, ambaye albamu zake Slave ya 1987 na Prisoner ya 1989 zilifika vijijini kwa kaseti tangu mwanzo.

Wenye kuuza santuri waliumia. Nakala za kaseti zilizouzwa bila idhini kwenye vibanda zilikula soko la benga kwanza, kwa sababu benga ndiyo iliyotegemea wanunuzi wa humu nchini, na biashara ya kuchapa santuri nchini Kenya ikafifia hadi kuzimika. Hapa pana kinaya kisichofurahisha: ukarimu uleule uliowafanya watu wa Ukambani waisikie Jamaika ndio uliowanyima wanamuziki wao wenyewe mapato. Haifai kuwalaumu wasikilizaji peke yao, kwa maana sheria ya hakimiliki ilikuwapo tangu 1966 na ilitekelezwa kwa ulegevu, lakini haifai pia kuwaosha kabisa.

Linalostahili kuzingatiwa ni kwamba rege, pamoja na kupendwa kwake, haikuipiku benga katika kaunti hizi mbili. Ingawa ilisikilizwa sana, haikuimbwa sana kwa Kikamba, na vijana waliotaka kuwa wanamuziki waliendelea kuchukua gitaa la Kyanganga na la Kilimambogo. Maelezo yanayoridhisha zaidi ni ya kazi ya kila muziki. Benga ilikuwa inasema majina: ya mchumba, ya mfadhili, ya kijiji, ya mwizi wa mbuzi, na kazi hiyo haiwezi kufanywa na sahani kutoka Kingston. Rege ilisema mambo makubwa yasiyo na anwani, yaani haki, uhamisho, hukumu, na kwa hayo hapakuhitajika mtunzi wa karibu. Watu waliazima rege kwa yale ambayo benga haikuyagusa, wakabaki na benga kwa yaliyobaki.

Baada ya mawimbi ya FM kuanza kufunguliwa kwa watu binafsi na kwa jamii katika miaka ya 1990, vituo vya Kikamba kama Musyi FM viliirudisha benga hewani, Redio Mang'elete ikaanzishwa na vikundi vya wanawake huko Makueni, na rege ikapata vipindi na vituo vyake mijini na ndani ya matatu. Ilipanda hata mahakamani na kwenye majukwaa. Septemba 2019 Jaji Chacha Mwita wa Mahakama Kuu aliamua kwamba Rastafari ni dini inayolindwa na katiba, katika kesi ya mwanafunzi aliyefukuzwa shuleni kwa sababu ya nywele zake. Na katika miaka hiyo hiyo wanasiasa waliopigia debe mpango wa kubadilisha katiba, BBI, walitumia msemo kwamba hakuna awezaye kuizima rege, mpaka Mahakama Kuu ilipousimamisha mpango huo Mei 2021 na Mahakama ya Juu kuufunga Machi 2022. Wachekeshaji hawakukosa la kusema.

Santuri zenyewe zimebaki mikononi mwa wachache. Nairobi kuna kibanda cha Jimmy Rugami katika soko la Kenyatta, kinachojulikana na wakusanyaji wa nchi nyingi, na shirika la Ketebul Music, lililoanzishwa na Tabu Osusa, limetoa tangu 2008 mfululizo wa rekodi na filamu juu ya benga, muziki wa Wakikuyu na nyimbo za kupinga dhuluma. Kazi hizo zimewafuata wapigaji, na zilistahili. Mzunguko wa wasikilizaji wa Kitui na Makueni bado haujaandikwa, na idara za utamaduni za kaunti hizo mbili zinaweza kuuanza bila gharama kubwa kwa kuomba tu kuziona sahani zilizo majumbani, kuzipiga picha pande zote mbili, na kuandika masimulizi ya waliozileta, wangali hai. Kwa sasa, wenye sahani hizo wanaombwa wazisimamishe wima badala ya kuzilundika, wasiziweke chini ya bati lenye joto, na wasiyafute majina yaliyoandikwa kwa kalamu katikati yake.